Mitishamba kwa Mishipa: Vidokezo 13 kwa Mtu Asiye na Muda

Pita soko la Kariakoo, Kongowea au Darajani saa yoyote, utaikuta: meza ya mizizi na magome, chupa za maji yenye rangi ya chai, na kipaza sauti kinachorudia jambo moja tangu alfajiri. Inashusha presha! Inazibua mishipa! Inayeyusha mafuta ya moyo! Unasimama. Mama ana presha, baba mdogo alipigwa kiharusi mwaka juzi, na wewe mwenyewe nesi alikupima, akanyamaza, akapima tena. Bei nayo si mbaya. Unanunua au unapita?

Tulia kwanza. Mimea ina mengi ya kuisaidia mishipa ya damu, na baadhi yake imeingia maabara ikafaulu. Ila ukishakubali kwamba mmea una nguvu ya kutibu, kubali pia kwamba una nguvu ya kuzidisha, ya kugombana na vidonge, hata ya kudhuru. Utumie basi kama dawa: kwa kipimo, kwa wakati, na daktari akijua. Haya, twende haraka kabla wali haujaungua.

1. Mashine kwanza, mzizi baadaye

Utajuaje dawa imeshusha presha kama hukujua ilikuwa ngapi? Presha haipigi hodi. Watu wanaishi nayo miaka na miaka bila kichwa kuuma hata siku moja. Kabla ya kununua chochote, tafuta mashine ya kupimia, ile ya kufunga mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Majirani wawili watatu wanaweza kuchanga wakanunua moja.

Sasa mbinu. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini, usikunje nne. Mkono uwe mezani, usawa wa moyo. Tulia dakika 5 bila kuongea (ndiyo, hata kama ni simu ya shemeji). Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Pima mara mbili ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima, na uandike kwenye daftari. Ikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi, kliniki inakuhusu. Ikifika 180 kwa 120 na kifua kinabana, au mdomo unapinda, au mkono unakosa nguvu, funga ukurasa huu uende hospitali sasa hivi.

Daftari hilo usilitupe. Kila kidokezo kinachofuata kitapelekwa mbele yake kikahojiwe.

2. Rozela, lakini si ile ya kwenye sherehe

Kama ningeruhusiwa kuchagua kinywaji kimoja tu, ningechukua hiki. Wengine mnaita choya, ndugu zetu wa Sudan na Misri wanaita karkade, na kile kikavu chekundu kinachouzwa sokoni kwa jina la maua ni magamba manene yanayolifunika tunda lake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani, wakiongozwa na Diane McKay, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 65 ambao presha yao ilikuwa imepanda kiasi na hawakuwa kwenye dawa. Kundi moja lilikunywa vikombe 3 vya rozela kwa siku kwa wiki 6. Lingine lilipewa kinywaji cha kufanana nacho kisicho na rozela. Presha ya juu (ile namba ya kwanza) ilishuka kwa wastani wa pointi 7.2 kwa wanywaji wa rozela, na pointi 1.3 kwa wenzao. Muujiza? Hapana. Lakini ni kushuka kwa kweli, tena kwa kitu kinachouzwa sokoni kwa kupimiwa.

Maabara inadokeza sababu: ile rangi nyekundu ina viambato vinavyozuia kimeng'enya kinachobana mishipa, kimeng'enya kile kile kinacholengwa na vidonge kama kaptoprili na enalaprili.

Tatizo letu ni sukari. Rozela ya sherehe, robo kilo ya sukari kwa jagi, ni soda iliyovaa kanga. Jaribu hivi: kijiko kidogo kilichojaa cha rozela kavu kwa kikombe, mimina maji yaliyochemka, funika dakika 6, chuja. Uchachu ukikuzidi, mdalasini na tangawizi vitakusaidia. Tengeneza jagi zima usiku, weka kwenye friji, asubuhi unachukua chupa yako unaondoka. Suuza mdomo kwa maji baadaye, maana uchachu huo hula meno. Mjamzito, hiki kinywaji kipishe kwa sasa. Na aliye kwenye dawa za presha apime kwa bidii zaidi: ukisimama ukaona kizunguzungu, huenda presha imeshuka kupita kiasi.

3. Saumu: ponda, subiri dakika 10

Wapo watu (tunajuana) wanaomeza punje nzima ya kitunguu saumu kwa maji kila asubuhi, wakaenda zao kazini wakijiona wamemaliza. Punje nzima inakupa kidogo sana. Alisini, kile kiambato chenye harufu kali na sifa zote, hakimo ndani ya saumu iliyotulia. Hutengenezwa pale unapoiponda, kimeng'enya kinapokutana na kiambato ambacho kwenye punje nzima kimetengwa nacho. Na moto hukiua kimeng'enya hicho.

Kwa hiyo ponda au katakata mapema, iache kwenye kibao dakika 10 huku ukimenya vitunguu maji, ndipo uitie chunguni, ikiwezekana karibu na mwisho wa mapishi. Umemaliza. Hujatumia hata dakika moja ya ziada.

Majaribio kadhaa kwa watu wenye presha, mengi yakitumia vidonge vya unga wa saumu au saumu iliyovundikwa kwa miezi, yameonyesha kwamba hushusha presha kwa kiasi na kolesteroli kidogo. Mchuzi wako hauna kipimo kama kidonge, kwa hiyo sikuahidi namba. Jambo moja usilisahau: saumu hupunguza damu kuganda. Kama unaenda kufanyiwa operesheni au kung'olewa jino, sema mapema. Kwa kawaida hushauriwa kuacha vidonge vya saumu wiki moja au mbili kabla. Mwenye vidonda vya tumbo asiile mbichi na tumbo tupu.

4. Maji ya mchicha si ya kumwaga

Nadharia kidogo tu, naahidi. Ukuta wa ndani wa mshipa hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayouamuru mshipa ulegee na kupanuka. Ugunduzi huo uliwapatia Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wa Marekani Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Ukuta ukichubuliwa na moshi wa sigara, sukari iliyozidi na presha ya muda mrefu, gesi hupungua, mafuta hupata pa kushika, na njia ya damu huanza kuwa nyembamba.

Mboga zinaingiaje? Mchicha na bitiruti vina naitreti nyingi. Bakteria wanaokaa kwenye ulimi wako huanza kuibadilisha, mwili unamalizia, na mwisho wa safari ni gesi ile ile. Mwaka 2015 timu ya Amrita Ahluwalia wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, ilionyesha kwamba mililita 250 za juisi ya bitiruti kila siku kwa wiki 4 zilishusha presha ya juu kwa takriban pointi 8 kwa watu wenye presha. (Ukienda chooni ukaona wekundu, usipige kelele, ni bitiruti.)

Naitreti huyeyuka kwenye maji. Ukichemsha mchicha ukamwaga yale maji ya kijani, umeinywesha sinki dawa yako. Ukaange muda mfupi kwa maji yake wenyewe, ukolee nyanya na karanga, basi. Na zile dawa kali za kusukutua zinazojisifu kuua bakteria wote mdomoni, usizifanye za kila siku bila sababu: hao bakteria wanakufanyia kazi.

Mwenye historia ya mawe kwenye figo, kwako wewe ni kinyume. Mchicha una oksaleti, kwa hiyo wewe chemsha na umwage.

5. Manjano yakienda peke yake hayafiki

Kiambato cha manjano, kurkumini, hufyonzwa kwa shida sana tumboni. Mwaka 1998 watafiti wa India walionyesha kwamba piperini, ule ukali wa pilipili manga, ukiongezwa, kiasi kinachoingia kwenye damu ya binadamu hupanda mara 20. Mpishi wa pilau na mchuzi wa Zanzibar anayetia vyote viwili chunguni hakungoja kuambiwa. Fuata nyayo zake: manjano, pilipili manga kidogo, mafuta kidogo. Ushahidi wa moja kwa moja kwamba manjano huponya mishipa iliyoziba bado ni mchanga, kwa hiyo yafurahie kama kiungo. Vidonge vyake vyenye dozi kubwa ni habari nyingine. Vimeripotiwa kuumiza ini la baadhi ya watu.

6. Kakao chungu, si kipande cha chokoleti

Najua ulikuwa unakingoja hiki. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani liitwalo COSMOS, lenye watu 21,442. Nusu yao walimeza kila siku vidonge vyenye miligramu 500 za flavanoli zilizotolewa kwenye kakao. Lengo kuu, kupunguza jumla ya matukio ya moyo na mishipa, halikufikiwa kwa uhakika wa kitakwimu. Vifo vya moyo na mishipa, hata hivyo, vilikuwa pungufu kwa asilimia 27. Wanasayansi bado wanakuna vichwa, nasi tunaweza kuendelea na kikombe chetu. Tafuta unga wa kakao usio na sukari (Kyela wanailima, ulizia), koroga kijiko kwenye maji ya moto au maziwa yasiyo na malai. Chokoleti ya maziwa yenye karatasi ya dhahabu haikuwemo kwenye jaribio, samahani.

7. Balungi na vidonge: waulizane kwanza

Tunda zuri, lenye vitamini, halina kosa. Kosa ni kulikutanisha na baadhi ya vidonge vya mishipa. Mwaka 1989 David Bailey na wenzake wa Kanada walikuwa wanapima jinsi pombe inavyoathiri dawa ya presha iitwayo felodipini. Ili washiriki wasijue nani kapewa pombe, walificha ladha yake kwa juisi ya balungi. Kiwango cha dawa kwenye damu kikapanda kuliko kilivyotarajiwa, na uchunguzi ukaliangukia balungi. Viambato vyake hukizima kimeng'enya cha utumbo ambacho kazi yake ni kuisaga sehemu ya dawa kabla haijaingia kwenye damu. Kikizimwa, kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi ya vidonge kadhaa, na athari hiyo huendelea hata baada ya siku nzima. Kunywa juisi asubuhi na kidonge usiku hakusaidii kitu.

Wanaopaswa kuwa macho ni watumiaji wa felodipini, nifedipini, na simvastatini ya kolesteroli. Amlodipini, inayotumiwa na wengi, haisumbuliwi sana. Danzi nalo lina viambato hivyo. Chungwa la kawaida kula bila wasiwasi. Mbinu ya sekunde 30: soma jina dogo lililoandikwa kwenye karatasi ya vidonge, kisha muulize mfamasia, "Hii na balungi vinapatana?" Atafurahi kuulizwa swali la maana.

8. Uko kwenye warfarini? Kisamvu kiwe kile kile

Kwanza kisa, maana ni kizuri. Kuanzia miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wanavuja damu hadi kufa baada ya kula nyasi za klova tamu zilizoota ukungu. Mwaka 1933, wakati wa theluji, mfugaji mmoja wa Wisconsin alipeleka kwa mwanakemia Karl Paul Link ng'ombe aliyekufa na ndoo ya damu isiyoganda. Link na wenzake walikitoa kiambato chenyewe kwenye nyasi zile, na kutokana nacho ikaja warfarini: kwanza sumu ya panya, mwaka 1948, halafu dawa ya binadamu miaka ya 1950. Leo inawalinda wenye vali za bandia za moyo na wengine ambao damu yao huelekea kuganda ndani ya mishipa.

Warfarini hushindana na vitamini K, na vitamini K imejaa kwenye kisamvu, matembele, mchicha, majani ya maboga, sukuma wiki, na unga wa mlonge. Usifanye kosa la kuacha mboga. Kosa jingine ni kula mboga kidogo wiki hii na sufuria nzima wiki ijayo. Weka kiasi kile kile, mathalani kikombe kimoja kilichopikwa kwa siku, na daktari atapanga dozi kwa kufuata mlo wako. Ukitaka kuanza mlonge, vidonge vya saumu au vya mti wa ginko, sema kabla ya kipimo kijacho cha damu.

Na tukiwa hapo kwenye mlonge: ni mboga nzuri sana. Kuhusu madai ya kutibu magonjwa mia tatu, majaribio mengi yamefanywa kwa panya, na ushahidi kwa watu wenye presha bado ni haba. Ule. Usiutegemee.

9. Jifunze kutoka kwa msesewe

Wachagga wanamjua: mti ambao maganda yake huipa pombe ya mbege ule uchungu wake. Msesewe ni wa jamii ya Rauvolfia, na ndugu yake wa India, anayeitwa sarpagandha, ana historia kubwa katika tiba ya presha. Mizizi yake ilitumiwa na matabibu wa Kihindi tangu kale. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha katika jarida la moyo la Uingereza matokeo ya kuwapa wagonjwa wa presha mzizi huo, ulimwengu ukashtuka. Mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi walikitenga kiambato chenyewe, reserpini, ikawa miongoni mwa vidonge vya mwanzo vilivyoishusha presha kweli kweli.

Sasa angalia dozi: kwa kawaida ni robo ya miligramu au chini ya hapo kwa siku. Robo ya miligramu! Huwezi hata kuiona vizuri kwa macho. Ikizidi, mtu anaishiwa nguvu, pua inaziba, na wapo walioingia kwenye huzuni nzito ya akili. Mzizi wenyewe hauna lebo. Wa mti mzee si sawa na wa mche, wa masika si sawa na wa kiangazi, na kikombe chako si kikombe cha jirani. Ndiyo maana wataalamu wa viwandani hukamua, hupima, kisha ndipo huweka kwenye kidonge, kila kimoja sawa na mwenzake.

Kwa hiyo ukinunua dawa ya mmea, pendelea iliyopimwa na kuandikwa kiasi kwenye pakiti. Na ukinunua ya kuchemsha mwenyewe, tumia kijiko kile kile, maji yale yale, muda ule ule, uandike kwenye daftari la kidokezo cha kwanza.

La, mbege haihesabiki. Naona umeanza kutabasamu. Pombe hupandisha presha.

10. Utamu unaopandisha

Si kila mmea unashusha. Urukususu, ule mzizi mtamu uitwao pia likorisi, una kiambato kinachoufanya mwili ushike chumvi na kupoteza potasiamu. Ukitumia kila siku, presha hupanda na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Hujificha kwenye chai za mitishamba, dawa za kikohozi na peremende. Umetumia kila ushauri na namba kwenye daftari zinapanda tu? Soma nyuma ya paketi ya chai yako.

11. Miguu inayovimba na lile jambo tusilolisema

Mishipa si ateri tu. Vena, zile zinazorudisha damu moyoni, nazo huchoka: zinajikunja miguuni kwa wanaosimama siku nzima (walimu, wapishi, wasusi, mpo?), na zinavimba kule nyuma tukaita bawasili, tukanyamaza kwa aibu. Hapa mimea imefanya vizuri. Diosmini na hesperidini, zinazouzwa maduka ya dawa kwa majina kama Daflon, asili yake ni maganda ya matunda ya jamii ya machungwa. Kuna pia dawa ya mbegu za chestnuti farasi wa Ulaya, ambayo tathmini za majaribio zimeona hupunguza maumivu na uvimbe wa miguu kwa muda mfupi.

Kuchemsha maganda ya machungwa nyumbani hakukupi dawa ile. Kiwandani kiambato hutolewa, husafishwa na kusagwa kuwa chembe ndogo mno ili kifyonzwe. Mbegu mbichi za chestnuti nazo ni sumu, hadi ile sumu iondolewe. Basi lipia kidonge, na uongeze vya bure: inua miguu juu ya mto robo saa ukirudi nyumbani, tembea kidogo kila saa, kunywa maji, kula matunda na mboga ili choo kiwe laini.

Soksi za kubana husaidia vena, lakini usizivae kabla ya kupimwa kama ukitembea shavu la mguu linauma na ukisimama linaacha. Hiyo inaweza kuwa ateri iliyoziba, na soksi itazidisha. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, inaweza kuwa damu iliyoganda. Hapo hakuna chai, hakuna kidonge cha machungwa. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

12. Kikombe kisikunyang'anye kidonge

Mnakumbuka mwaka 2011? Nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu. Shilingi 500, kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga, na orodha ya magonjwa ikiwemo presha na kisukari. Foleni za magari zilikesha porini. Sina nia ya kumsema Babu, aliyefariki Julai 2021. Ninachokikumbuka kwa uchungu ni wale walioamini wamepona wakaacha vidonge vyao palepale.

Baadhi ya dawa za presha, kama propranololi na klonidini, ukiziacha ghafla presha hurudi kwa kishindo. Kama kweli rozela na mchicha vimekushushia, daftari litaonyesha, nawe mpelekee daktari akupunguzie dozi yeye, taratibu, huku mkipima. Ukitaka kujikumbusha kumeza kidonge, weka pakiti karibu na mswaki.

13. Muuzaji umbane, simu itoe picha

Rudi sasa kwenye ile meza ya sokoni na uulize maswali manne, kwa tabasamu: Mmea unaitwaje? Umetumia mzizi, gome au jani? Kipimo ni kiasi gani, kwa siku ngapi? Na umesajiliwa wapi? Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2002, linalosajili waganga na dawa zao. Muhimbili kumekuwa na watafiti wa tiba asili tangu 1974. Mganga aliyesajiliwa hataogopa swali, huenda hata akakueleza kwa nini anachuma asubuhi. Akikujibu "ni siri ya ukoo" na "inatibu kila kitu", mshukuru, endelea kununua nyanya.

Akina baba, njooni karibu, sitaongea kwa sauti. Zile poda za nguvu za kiume zinazoitwa za asili asilimia mia: mamlaka za dawa, ikiwemo FDA ya Marekani, zimekuta mara nyingi ndani yake sildenafili iliyotiwa kimyakimya. Mtu anayetumia dawa za naitreti kwa ajili ya kifua kubana, kama vile kidonge cha kuweka chini ya ulimi, akizichanganya na sildenafili hiyo, presha inaweza kuporomoka hadi akaanguka. Kama umetumia poda na kifua kikabana, mwambie daktari wa zamu ukweli kabla hajakupa kidonge hicho. Ameshasikia makubwa zaidi.

Na kwa kila mtu: kabla ya siku ya kliniki, panga mezani kila unachokitumia, yaani chupa, unga, majani, vidonge, hata ile paketi uliyopewa na wifi, upige picha moja. Kwa daktari usianze kukumbuka majina, toa simu. Akikunja uso akiona mizizi, mwache aukunje, kisha muulize dawa ipi kati ya hizo inahitaji kipimo cha ini na figo, na kipimo hicho kinafanyika chumba namba ngapi.